Finjani Tatu kwa Bwana Haskeli

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na Matrah, bandari yetu hii ya Oman, imeipokea habari hiyo kwa utulivu mkubwa. Muuza kahawa wa hapa chini aliniuliza, "Kwani ulikuwa na kazi?" Miaka sita alinisikia nikigonga taipu juu ya kichwa chake, akidhani ni fundi viatu.

Haya nawaandikia nyinyi makarani vijana mliorejea mwaka huu kutoka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, mnaokaa kwenye meza mpya za serikali. Mmeniuliza zaidi ya mara moja: "Ami Seif, kweli ulikuwa karani wa mahakama ya Mayahudi?" Kweli. Ila mkisikia mahakama msifikirie majoho na askari mlangoni. Kilikuwa chumba kimoja juu ya ghala ya ndimu kavu, chenye meza, viti viwili vilivyolingana, na mzee mmoja aitwaye Bwana Eliya. Mwaka huu amekwenda kukaa kwa binti yake Bombay. Yeye kafunga chumba, mimi nimefunga taipu.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, maana nilianza nikiwa karani peke yangu na nikamaliza nikiwa karani peke yangu. Mshahara nao tuuache. Ulikuwa na haya, haukupenda kutajwa.

Mimi ni mtu wa miguu. Nna miaka arobaini na sita na sijapata kumaliza saba katika mji mmoja. Nilisoma skuli ya sekondari Unguja, nikawa karani kwa kadhi, nikachoka. Nikaenda Mombasa, nikachoka. Nikakaa Bombay nikiandika orodha za abiria wa meli, nikaona wanaosafiri wana raha kuliko anayewaandika. Mji nikiwa ndani yake naukimbia, nikishautoka naulilia. Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu hupoteza nusu siku.

Nilifika Matrah mwaka 1964 na sanduku moja, taipu moja, na barua ya kunijulisha kwa mtu ambaye, nilipouliza kwake, nilionyeshwa kaburi. Mwenye ghala ya ndimu akanihurumia. Akaniambia juu yake anakaa mzee anayetafuta mtu wa kuandika Kiingereza kisicho na makosa. Nikapanda ngazi. Nilimkuta mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, anasoma barua huku ameishika mbali kama inanuka.

"Wewe Mwislamu?" akaniuliza kwa Kiarabu cha Baghdadi, walikotoka wazee wake.

"Alhamdulillahi."

"Vizuri. Jumamosi mimi siandiki, basi wewe kaogelee. Ijumaa wewe huandiki, mimi nitalala. Kiingereza umekipata wapi?"

"Skuli, Unguja."

"Na siri unaweza kuiweka?"

"Naweza, Bwana."

"Hilo tutaliona," akasema, akanipa ile barua niinakili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mayahudi wenye kuzungumza Kiingereza walikuwa wametawanyika katika bandari zetu hizi, kuanzia Bombay na Karachi mpaka Ghuba yote: mhandisi huku, mfanyabiashara kule, nesi mmoja mahali fulani. Dini yao inawataka wawili wakigombana waende kwanza kwa waamuzi wao wenyewe, si kwa hakimu wa serikali. Lakini wanavyuoni wao walikuwa mbali, na wengi wa watu hawa hawakuweza kusoma hukumu iliyoandikwa kwa lugha ya vitabu vyao. Bwana Eliya aliijua sheria, na Kiingereza alizaliwa nacho Bombay. Basi wakamwandikia yeye. Yeye akisoma, akifikiri, akitembea chumbani. Mimi nikigonga taipu, nakala mbili zinazolingana neno kwa neno, moja kwa kila upande.

Zana zangu zilikuwa chache. Karatasi za kaboni niliziweka kwenye bahasha chini ya mtungi wa maji, maana wakati wa kiangazi zilikuwa zikiyeyuka na kunifanya nionekane mchimba makaa. Palikuwa na kopo la biskuti lenye kufuli dogo. Barua ya upande mmoja ikifika, iliingia humo bila kufunguliwa, ikamngoja mwenziwe. Zikiwa mbili, ndipo tulipozifungua, pamoja. Barua moja ilikaa humo miezi minne. Na palikuwa na leso nyeupe ya Bwana Eliya. Kabla ya kusikilizwa, kila mmoja alishika pembe yake akaiinua mbele ya mwenziwe. Kuinua huko ndiko kukubali: ameridhia huyu awe mwamuzi wake, na atakachosema atakifuata. Sheria yao inataka waamuzi watatu, lakini wenyewe wakiridhia, mmoja anatosha. Matrah watatu wasingepatikana, labda umhesabu na paka wa ghalani.

Sheria iliyokuwa juu ya zote ni moja: mwamuzi hasikii neno la mtu na mwenziwe hayupo. Hata salamu ndefu hapokei. Wadai hawapewi kitu wala hawapokewi kitu, na wawili lazima wawe sawa. Wote wakae au wote wasimame. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mfanyabiashara amevaa koti na tai, na mgomvi wake kavaa shati tu.

"Mkopeshe koti," Bwana Eliya akamwambia.

"Nna moja tu."

"Basi livue."

Ilikuwa mwezi wa Juni. Yule bwana alilivua kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu aliyeshindwa kesi.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana makosa ndiyo yanayofaa kwa karani anayeanza.

Mwaka wa 1966 kiwanda cha barafu cha hapa Matrah kilikuwa cha Bwana Haskeli, mgane wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Fundi wake alikuwa Yusufu, mtoto wa marehemu nduguye. Yusufu alikuwa ametia saini kukaa miaka mitano, na miwili ilikuwa bado. Na Bombay alikuwa na mchumba, mwalimu wa skuli, jina lake Rahel. Baba wa Rahel alikuwa amechoka kungoja. Harusi ifungwe kabla ya Pasaka yao, alisema, maana baada ya hapo ziko wiki nyingi wasizofunga ndoa; ikipita, uchumba umekwisha. Meli moja tu ingemfikisha Yusufu kwa wakati, nayo ilikuwa ikipita Alkhamisi. Haskeli alikataa kumwachia. Yusufu akasema atakwenda. Haskeli akasema saini ni saini. Wakakubaliana kitu kimoja tu, kuja kwa Bwana Eliya siku ya Jumatatu asubuhi.

Jumapili, Bwana Eliya amekwenda posta, nikasikia hatua ngazini. Yusufu. Alikuja kuuliza saa ya kusikilizwa, nayo alikuwa anaijua. Uso ulikuwa wa mtu asiyelala.

Nyinyi mgeni akikupandieni ngazi asubuhi, mnafanyaje? Nilifanya alivyonifunza mama yangu, na wafanyavyo watu wa Oman wote: nikamkalisha, nikamsogezea halwa, nikammiminia kahawa, nikamuuliza habari. Akasema njema. Nikamuuliza tena habari, kama ada, na ya pili ndiyo inayojibiwa. Akatoa barua ya Rahel mfukoni. Babake kapokea posa nyingine, ya daktari wa meno. Rahel kaandika: "Njoo haraka. Daktari wa meno simtaki, na meno yangu mazima." Yusufu alicheka kulisoma hilo, halafu hakucheka tena. Alikunywa finjani tatu, akaitikisa ya mwisho kuonyesha imetosha, akaondoka.

Mpaka hapo kosa lilikuwa dogo. Karani si mwamuzi. Lakini Bwana Eliya aliporudi hata kofia hajavua, nikamwambia, "Bwana, Yusufu maskini ya Mungu. Yule binti babake anataka kumpa..."

"Seif," akasema, akainua mkono.

Nikadhani maana yake ni endelea. Alipofika kuziba masikio yake kwa vidole viwili, nilikuwa nimeshamfikisha kwa daktari wa meno.

Akakaa.

"Haskeli yuko wapi?"

"Kiwandani, Bwana."

"Basi mbona maneno ya mwenziwe yamo humu ndani, na yeye hayumo?"

Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Kesho siwezi kuamua. Nimeshamhurumia mmoja kabla sijamwona wa pili."

"Tumwandikie mwamuzi mwingine."

"Wa karibu yuko Bahrain. Barua kwenda na kurudi ni wiki mbili, ikiwa posta wameamka vizuri. Meli ni Alkhamisi." Akavua miwani. "Siri unaweza kuiweka, ulisema."

Na kweli niliiweka. Sikumwambia kiumbe yeyote duniani, ila yule mmoja asiyepaswa kusikia. Siku ile sikuweza kula. Kijana angekosa mke kwa sababu ya kahawa yangu.

Jumatatu wakaja wote wawili, wakasimama. Bwana Eliya naye akasimama. Hakuzungusha maneno. Aliwaambia amesikia maneno ya upande mmoja, akayataja yote mpaka daktari wa meno, na kwamba sasa hafai. "Mwenye haki ya kunikataa ni wewe, Haskeli. Ukijua kasoro yangu na bado ukaniridhia kwa leso, nitaamua. Ukikataa, hakuna wa kukulaumu."

Yusufu akawa mweupe kama ukuta. Mimi nilielewa alichoelewa: Haskeli hana haja hata ya kusema. Akinyamaza tu, hakuna mwamuzi. Pasipo mwamuzi, saini inabaki, na meli inakwenda zake.

Haskeli akanigeukia mimi.

"Alikunywa finjani ngapi?"

"Nani?"

"Huyu. Jana."

"Tatu."

"Na halwa?"

"Kisahani. Kimoja na nusu."

"Miaka yote napanda ngazi hii kumsalimu mzee, sijapewa hata maji! Nilivuliwa koti humu humu, kesi ya yule mwenye boti!"

"Ilikuwa sheria, Bwana Haskeli."

"Basi na hii iwe sheria. Nataka finjani tatu. Nataka halwa kimoja na nusu. Nataka kuulizwa habari mara mbili. Kisha nenda kamwambie mzee nitakayokwambia, kwa uso ule ule uliomwambia ya huyu. Nikisharidhika tuko sawa, ndipo nitazame hiyo leso."

Bwana Eliya akatazama dari. Nafikiri alikuwa anakipitia kitabu kichwani, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta inapokatazwa. "Hapana ubaya nnaouona," akasema mwisho.

Basi wakashuka, mwamuzi na Yusufu, wakakaa ghalani juu ya magunia ya ndimu wakitazamana bila kusema neno, maana sheria ile ile iliwakataza. Muuza kahawa alipanda na birika akauliza kwa ishara kama pana msiba.

Nikammiminia Haskeli finjani ya kwanza. "Habari, Bwana?" Njema. "Habari gani?" Finjani yote ya kwanza ilikuwa barafu: samaki wataoza, hospitali italalamika. Ya pili ilikuwa saini, na wino, na vijana wa siku hizi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kushinda mashine. Lakini hapakuwa na mtu wa kushindana naye mle ndani. Nilikuwa mimi tu, na halwa. Finjani ya tatu aliishika bila kuinywa.

"Ijumaa jioni," akasema polepole, "mimi husoma dua ya mkate, na yeye hunijibu ameni. Tangu mke wangu amefariki, hakuna mwingine. Wewe ulitembea miji yote hiyo. Umeona nani anarudi Matrah kutoka Bombay, tena na mke?"

Nikamsogezea kisahani cha halwa.

"Nitasoma, kisha nijijibu mwenyewe?" Akainywa kwa mara moja, akaitikisa finjani. "Imetosha. Kamwite mzee."

"Nimwambie na hilo la Ijumaa?"

"La daktari wa meno ulilificha?"

Wakapanda. Nikasema yote, wote wawili wamesimama, na uso wangu nikajitahidi uwe ule ule. Nilipofika kwenye ameni, Yusufu aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Miaka mitatu alikaa meza moja na ami yake, na hilo hajapata kulisikia.

Haskeli akaenda mezani bila kuitwa, akashika pembe ya leso akaiinua. Yusufu akashika ya pili.

Bwana Eliya hakuchelewa. "Sheria yetu ni hii. Mfanyakazi anaweza kuacha kazi hata katikati ya mchana, kwa sababu watu ni watumwa wa Mungu, si watumwa wa watumwa wenzao. Saini haimfungi mtu miguu. Yusufu anasafiri Alkhamisi." Haskeli aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo, na nadhani alikuwa anajua. "Hiyo ni sheria. Sasa mkitaka na suluhu, semeni."

Yusufu akasema, "Ami, baba hayupo. Siku ya harusi nani atasimama upande wangu?"

Haskeli alikohoa. Alikohoa tena. "Na barafu je?"

Hapo wote watatu wakanitazama mimi.

"Karani wangu," akasema Bwana Eliya, "ana masikio yasiyo na kazi. Tuione na mikono yake."

Ndiyo hukumu pekee niliyowahi kuhukumiwa, na haikuwa na rufaa. Yusufu alinifunza mashine kwa siku mbili, nami nikamtaipia maelezo yake, nakala mbili. Sharti la kwanza lilikuwa: vali nyekundu usiiguse. Alkhamisi walipanda mashua ya kuwapeleka melini, ami na mtoto wa nduguye, Haskeli amevaa lile koti. Mpaka wanatoweka nilisikia sauti yake ikipita juu ya maji: "Seif! Vali!"

Niliigusa Jumapili. Barafu ikatoka nyeupe kama maziwa, yenye umbo la mto wa kulalia. Muuza samaki mmoja akaigonga kwa kisu akaniuliza, "Sheikh Seif, hii ya samaki au ya kupaka mkate?" Wiki ya pili ikawa ngumu. Ya tatu ikawa barafu. Wiki ya nne nilisimama nikitazama pande moja safi, la buluu ndani, nikafurahi kuliko siku yoyote niliyoandika barua. Bwana Eliya alipita kunitazama, akaligusa, akasema, "Hili halisemi ovyo."

Tangu hapo niliongeza zana moja: finjani zote kabatini, kwa ufunguo, na ufunguo mfukoni mwa Bwana Eliya mpaka hukumu itoke. Nanyi mkipata kazi ya kusikiliza ugomvi wa watu, fanyeni hivyo. Ukarimu ni mzuri, lakini uwe na kufuli. Tulifanya kazi miaka minne zaidi, kesi nyingine ngumu, nyingine za kuchekesha, na sikumwaga neno tena. Kopo la biskuti nawaachia nyinyi; liko kwa mwenye ndimu. Kaboni wekeni chini ya mtungi. Leso ameondoka nayo mwenyewe. Mimi nna tiketi ya meli, na miguu yangu inajua siku kabla sijaambiwa.

Ila siku moja nimeiruka kusudi, niimalizie hapa. Wiki ya tano ya barafu yangu, asubuhi, nilikuwa nimekwenda kwa Bwana Eliya kumsomea barua. Tukasikia ngazini mwanamke anacheka na mwanamme anahema. Aliyeingia kwanza alikuwa Haskeli, sanduku kila mkono, anakataa kusaidiwa, kavimba uso kwa furaha kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Nyuma yake Yusufu. Katikati yao binti mdogo wa umbo mwenye mwavuli wa manjano. Tulikuja kujua baadaye kwamba aliyeamua warudi Matrah ni yule binti. Yusufu hakuthubutu kuuliza.

"Ni yupi kati yenu mwenye mdomo?" akauliza kwa Kiingereza cha skuli, safi.

Bwana Eliya akaninyooshea kidole.

Rahel akakaa kwenye kiti cha wadai, akaweka mwavuli magotini, akanitazama. Nami nikabaki nimesimama kama mlingoti. Mgeni mbele yangu, kutoka safari, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza hata habari. Nikamgeukia Bwana Eliya.

Alikuwa amekwisha kuutoa ufunguo mfukoni. Akanirushia.

"Huyu hana kesi na mtu," akasema. "Mpe kahawa, muulize kila kitu. Nami nitakaa hapa hapa, nisikie."